Maji Yatafika Wapi

Nakivale, Uganda, Jumapili, 12 Mei 2024
Miaka ishirini na saba na miezi saba tangu tukimbie vita Uvira

Mwanangu Benitha,

Pokea salamu za nyumba hii, ambayo siku hizi ni mimi, kuku wanne na redio. Goti la kushoto limetulia. Mahindi yamebeba vizuri, maharage yameoza kwa mvua. Kanisani wananiulizia habari zako, nami huwajibu kwamba uko Mbarara unapoza maziwa. Wanacheka, wanadhani ni utani.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Ezira, dereva wa gari la maziwa, ambaye kesho atapita Kaberebere na kufika kwenye kituo chenu cha kupozea maziwa. Simu ninayo, usinikumbushe. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako Bienfait amenipigia mara tatu kutoka Uvira. Ziwa limepanda. Kiwanja cha chini, alichoachiwa na mdogo wangu, marehemu baba yako Thaddée, kimeingia maji mpaka madirishani, naye analala na mke na watoto katika darasa la shule ya kanisa. Anaomba ajenge kwenye kiwanja changu, kile cha juu ya barabara, ulipobaki msingi wa nyumba yangu. Desturi yetu unaijua: mdogo haweki jiwe kwenye kiwanja cha mkubwa aliye hai mpaka mkubwa mwenyewe atamke, au aandike, kwamba harudi tena. Bienfait anataka hiyo karatasi.

Sijamjibu. Kwanza nataka kujua maji yatafika wapi. Redioni wamesema barafu ya ncha za dunia inayeyuka na bahari zinapanda. Kama ni barafu hiyo inayopandisha ziwa letu, basi leo ni kiwanja cha chini, kesho ni cha juu, na mimi nitakuwa nimeandika karatasi ya kumzamisha mtoto. Wewe uko mjini karibu na vitabu, na kazini kwenu barafu mnaiona kila siku. Niulizie: barafu ikiyeyuka kule mbali, inapandishaje maji huku? Jibu kwa utaratibu, usikimbilie mwisho.

Baba yako mkubwa,
Grégoire


Mbarara, 26 Mei 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Barua imefika ikinuka maziwa. Ezira ameniuliza, "Madam, hii muzee yako iko na simu. Kwa nini ananifanya mimi posta?" Nikamwambia posta inalipwa kwa salamu, kwa hiyo anakusalimu.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine upande wa Makenke, karibu na kambi ya jeshi. Tuko wapangaji watano kwenye bomba moja, wanne ni wake wa askari, na Kiswahili changu kimeanza kuvaa buti. Jana nilijisikia nikisema "hii maji iko baridi." Ungekuwepo ungeniandikisha sentensi hiyo mara hamsini.

Bienfait amenipigia mimi pia. Maneno yake ni haya: "Ambia Baba Mukubwa batoto banalala mu darasa. Asubuhi tunakunja mikeka mbio, banafunzi banaingia, banaketi pale fasi tulilala." Nikamwambia mzee anasoma kwanza. Akauliza unasoma nini. Nikasema barafu. Akaniomba nirudie neno hilo.

Kuhusu swali lako, nimemuuliza Sonia, anayepima ubora wa maziwa hapa kituoni. Amesema barafu ni barafu, nimwache afanye kazi. Vitabuni sijafika bado. Lakini ulinilea ukisema kwamba kitu kinachopimika tukipime kwanza, maneno baadaye. Basi tupime. Chukua glasi, weka barafu, jaza maji mpaka ukingoni, ungoje iyeyuke. Mimi nitafanya hapa, wewe ufanye huko, kila mtu aandike alichokiona.

Na kuhusu Bienfait utaniambia mwenyewe.

Mtoto wako,
Benitha


Nakivale, 9 Juni 2024

Mwanangu Benitha,

Habari za huku ni nzuri kwa sehemu kubwa. Mgao wa chakula wa sisi wakimbizi umepunguzwa tena, lakini hilo si habari. Mahindi yanakauka vizuri. Mchungaji ana kikohozi, mahubiri yamekuwa mafupi, watu wanamwombea apone polepole.

Jaribio nimelifanya Jumatano dukani kwa Ndayambaje, yule Mrundi mwenye friji. Nilipoomba vipande vitatu vya barafu na glasi, akaniuliza, "Mwalimu, leo unanunua barafu ama unaifundisha?" Nikamwambia anyamaze ajifunze. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana watu walikusanyika.

Nilijaza maji mpaka yakavimba ukingoni. Vipande vilikuwa vinachungulia juu, kama unavyojua. Nikatangaza kwa sauti ya darasani: "Tazameni hii sehemu iliyo juu ya maji. Ikiyeyuka itakosa pa kwenda, itamwagika." Wanawake waliokuja kununua chumvi wakaacha chumvi. Tuliweka karatasi kavu chini ya glasi, tukangoja karibu nusu saa. Barafu ikaisha yote. Karatasi ilikuwa kavu kama ilivyowekwa.

"Mwalimu," Ndayambaje akasema, "bahari yako imekataa kupanda!"

Mama mmoja akasema basi redio ni ya kuuza. Nikaenda nyumbani nimeinamisha kichwa, ila nakwambia ukweli, njiani nilikuwa na furaha ya ajabu. Nimefundisha darasa la tano miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuweka barafu kwenye glasi. Uvira ya wakati ule barafu ilikuwa mali ya wauza bia. Nina miaka sabini na miwili, na kitu kimenikatalia mbele ya macho yangu.

Sasa nieleze. Kama barafu inayoelea haipandishi maji, bahari inapandishwa na nini? Ama redio imekosea, ama nimeiuliza glasi swali lisilo lake.

Kuhusu Bienfait, bado napima.

Baba yako mkubwa,
Grégoire


Mbarara, 30 Juni 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Nimecheka mpaka wake wa askari wamekuja kuuliza kuna nini. Nimewasomea kuhusu chumvi. Mmoja anaomba umtumie Ndayambaje salamu zake.

Glasi yangu pia haikumwagika. Nikakaa nayo siku mbili kichwani, ndipo nikaona kwamba barafu inayoelea tayari imekaa majini. Nafasi yake ilishaichukua tangu ulipoitia, na ikiyeyuka inabaki katika nafasi ile ile. Basi nikachukua beseni. Katikati nikaweka jiwe lililochomoza kama kisiwa, nikamimina maji, nikachora mstari kwa kalamu. Barafu nikaiweka juu ya jiwe, isiguse maji. Iliyeyuka ikachuruzika, na maji yakapita mstari kwa upana wa kidole. Glasi ilijibu swali lingine. Barafu inayopandisha bahari ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, na Sonia, ambaye sasa ananisumbua yeye, ameniletea picha za nchi nzima zilizofunikwa na barafu nene kuliko urefu wa milima yetu.

Lakini kuna kitu kingine, nacho nimefundishwa na Ezira bila yeye kujua, kwa kunitukana.

Asubuhi analeta maziwa kutoka kijiji cha Masha, bado yana joto la ng'ombe. Tunamimina kwenye tenki, naingiza rula ya chuma, nasoma lita mia tano. Mashine inapoza. Saa tisa alasiri rula inasoma mia nne tisini na sita. Kila siku anapiga kelele: "Wewe Mukongo! Nimeleta mia tano. Hiyo lita ine inakunywa nani?"

"Labda tenki inakunywa," nikamjibu.

"Kama inakunywa maziwa, basi izae ndama!"

Siku zote nilidhani ni povu linalotulia. Juzi nikaacha povu litulie kabisa kabla ya kuwasha mashine, nikasoma, nikapoza, nikasoma tena. Bado karibu lita nne hazipo, na sakafu kavu. Hazijaenda popote, Baba Mkubwa. Maziwa yenye joto yamejitanua, ya baridi yamejikunja. Sonia anasema bahari nayo ni hivyo hivyo: ikipata joto inavimba yenyewe, hata bila kuongezewa tone. Sehemu kubwa ya kupanda kwake ni huko kuvimba.

Nilimwonyesha Ezira rula, kabla na baada. Aliisoma mwenyewe mara mbili, akasema, "Kumbe nilikuwa natukana joto."

Jumamosi nimeanza kwenda mahali fulani. Nitakwambia nikiwa na uhakika.

Bienfait anauliza kama kuna barua.

Mtoto wako,
Benitha


Mbarara, 18 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Natumaini mko wazima, wewe na kuku.

Wiki saba tangu nikuandikie, sijapata barua. Mwanzoni nilisema ni karantini, maana ng'ombe wa Isingiro walipata ugonjwa wa miguu na midomo, magari ya maziwa yakasimama. Leo Ezira ameniambia karantini iliondolewa wiki tatu zilizopita, na kwamba amepita kwako mara mbili. Amesema, "Muzee alinipa chai. Barua hakunipa. Nimeuliza, akasema bado iko inaiva."

Sikuulizi inaiva nini. Ila shule za kule zinafunguliwa mapema Septemba. Likizo hii Bienfait na watoto wamekuwa na darasa lao peke yao. Mwalimu mkuu amewaambia safari hii watafute pa kwenda.

Kama unaumwa, niambie.

Benitha


Nakivale, 1 Septemba 2024

Mwanangu Benitha,

Siumwi. Nimeuza madebe mawili ya mahindi, yaliyobaki yako darini. Mchungaji amepona.

Habari ya lita nne za Ezira nimeisoma mara tano. Nimeifundisha watu sita, akiwemo Ndayambaje, ambaye sasa anawaeleza wateja kama vile aligundua yeye.

Tangu katikati ya Juni nimesimamisha fimbo katika Ziwa Nakivale, karibu na wanapotekea maji, nikaitia alama kwa kisu kila upana wa kidole. Naenda kila Jumatatu na Alhamisi. Watoto wanasema mwalimu anatega samaki kwa fimbo. Haya ndiyo niliyoyaona: mwezi wa sita maji yalishuka vidole vitatu, wa saba vinne, wa nane vinne. Jumla kumi na kimoja. Mvua haikunyesha isipokuwa siku mbili, na siku hizo hayakushuka.

Kwa leo ni hayo.

Baba yako mkubwa,
Grégoire


Mbarara, 15 Septemba 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Asante kwa vidole kumi na kimoja. Ulivipima vizuri, halafu hukusema vinamaanisha nini. Wewe hukuwahi kutukubalia kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo nitamaliza mimi.

Nimekwenda maktaba ya mjini, nimefungua ramani. Ziwa Tanganyika liko mita mia saba sabini hivi juu ya usawa wa bahari. Barafu yote ya dunia, ya kaskazini, ya kusini, na hata ile kidogo iliyobaki Rwenzori hapa kwetu, ikiyeyuka yote, bahari itapanda mita kama sabini. Watu wa pwani watapata taabu kubwa, na nimeanza kuwafikiria watu nisiowajua. Lakini mia saba sabini kutoa sabini ni mia saba. Bahari haitafika Uvira.

Ziwa letu linajazwa na mvua na mito, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kalemie. Mvua ikizidi kile ambacho mlango unaweza kupitisha, linapanda. Mvua ikipungua, linashuka, kama fimbo yako. Bienfait anasema tangu Juni limeshuka, na ukuta wa baba umebaki na mistari ya matope. Mwalimu wangu anasema joto lile lile linaloyeyusha barafu linaweza kuzifanya mvua ziwe kali zaidi, kwa hiyo maji yatarudi tena, na kiwanja cha chini si pa kujenga. Cha juu je? Nimemwomba Bienfait apime kwa miguu. Kutoka alama ya juu kabisa ya maji mpaka msingi wa nyumba yako, kwa kupanda mlima, ni hatua mia moja na arobaini na mbili. Maji hayatafika hapo.

Hilo ndilo jibu, kwa utaratibu kama ulivyoomba.

Umeona nimesema mwalimu wangu. Ndiyo, Jumamosi naenda masomo. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa sekondari mwakani, ule nilioukimbia mwaka Mama Mkubwa Constance alipougua. Nilisema nimechoka na shule. Mlijua si kweli, na hamkuniuliza. Fizikia ndiyo naipenda, kwa sababu ya glasi yako.

Jambo moja la mwisho. Nimekumbuka daftari lako la maandalio ya masomo, ulilotoka nalo Uvira, ambalo nilijifunzia kusoma. Kuna ukurasa wa maziwa makuu. Pembeni ya Tanganyika umeandika kwa wino mwekundu: mita 770 na ushee.

Sitauliza. Bienfait na watoto sasa wako kwenye veranda ya watu, na mvua za kule zimekaribia.

Mtoto wako,
Benitha


Nakivale, 13 Oktoba 2024
Mwezi huu imetimia miaka ishirini na nane

Mwanangu Benitha,

Pokea salamu. Mvua zimeanza, nimepanda maharage upande ule wa mteremko ambako maji hayasimami. Habari ya mtihani wako nimeitangaza kanisani bila ruhusa yako. Wamepiga makofi. Mchungaji ameuliza fizikia ni kitu gani, na kabla sijafungua mdomo mama wa chumvi amejibu, "Ni ile barafu isiyomwagika."

Kuhusu daftari, umeona sawasawa. Namba ile niliiandika mwenyewe na kuifundisha ubaoni miaka kumi na mmoja. Nilipokuandikia mwezi wa tano nilijua kwamba bahari haiwezi kupanda mpaka Uvira. Nilikudanganya kwa kuuliza. Lakini uniamini katika hili: glasi sikuijua, wala lita nne, wala beseni. Hayo yalinishika kweli. Siku za Alhamisi nilikuwa naenda ziwani nimesahau kabisa kwa nini nilisimamisha fimbo.

Ukweli ni huu. Nilitaka maji yaamue badala yangu. Yangevichukua viwanja vyote viwili, ningekuwa mzee aliyezuiwa na maji, na hakuna anayemlaumu mtu wa namna hiyo.

Baba yako aliporudi Uvira mwaka 2010 na Bienfait, akakuacha kwetu usome, nilimwambia nitamfuata baada ya mavuno. Hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, hesabu mwenyewe. Mama yako mkubwa Constance aliomba mabati. Nikamwambia mtu anayeondoka haezeki mabati. Aliyaomba miaka tisa, si kwa kelele, bali kila turubai ilipotoboka, huku wewe ukipanga sufuria chini ya matone. Tulimzika hapa mwaka 2019. Wiki ya tatu baada ya mazishi nikaezeka mabati, kwa kuwa waliokuja kunipa pole walikuwa wananyeshewa. Wewe ulinishikia ngazi. Nilipokuwa juu, na nyundo mkononi, nilijua kwamba siondoki.

Nimekaa na jambo hilo miaka mitano. Kuandika karatasi ya Bienfait kulikuwa kuandika kwamba Constance nilimnyima bure. Kiwanja kikibaki changu, basi nilikuwa na sababu, nilikuwa kweli mtu wa kuondoka. Ndiyo maana barua ilikuwa haiivi.

Lakini watoto wa Bienfait hawakuwapo wakati wa turubai, na hawapaswi kulala nje kwa ajili yake. Nilipaswa kuandika mwezi wa tano. Wamekosa kiangazi kizima cha kujenga, na kosa hilo ni langu, si la mvua. Umwambie hivyo, kwa maneno hayo.

Nimeuza mahindi yaliyobaki, Ezira atakuletea bahasha ya ada ya masomo. Usiirudishe.

Karatasi ya pili ni ya Bienfait. Ipige picha umtumie leo, halafu umtafutie mtu wa kumpelekea yenyewe mkononi.

Baba yako mkubwa,
Grégoire


Mimi, Grégoire Bulambo, mtoto wa kwanza wa baba yetu, mwalimu, mkazi wa Nakivale, naandika kwa mkono wangu mwenyewe na kwa akili timamu. Kiwanja kilicho juu ya barabara, Uvira, kuanzia mfereji hadi ukuta wa mawe, pamoja na msingi uliomo, nampa Bienfait, mtoto wa mdogo wangu Thaddée. Asiningoje. Aweke jiwe siku atakayosoma haya.

Mimi sitarudi.